Kromatini iko wazi na RAG ipo, mbona V za mbali hazikatwi?

Maneno ya kuanzia: V, D na J ni vipande vya jeni vinavyoungwa kutengeneza kingamwili na vipokezi vya seli T, na RAG (RAG1 na RAG2) ndicho kimeng'enya kinachovikata. Kromatini ni DNA pamoja na protini inazojizungushia. Igh ni eneo la jeni za mnyororo mzito wa kingamwili, pro-B ni seli B changa, na v-Abl ni jeni ya virusi inayozifanya zigawanyike bila kukoma. ATAC-seq huonyesha DNA iliyo wazi kwa kuikata kwa kimeng'enya Tn5. Promota ni pale unukuzi wa jeni unapoanzia.

Swali: "Nasoma shahada ya uzamili katika elimu ya kinga. Nina ukoo wa seli za pro-B za panya zilizogeuzwa kwa v-Abl. ATAC-seq inaonyesha kwamba promota kadhaa za V za mbali katika eneo la Igh ziko wazi, RAG1 na RAG2 zinatengenezwa, na muungano wa D na J nauona vizuri kwenye PCR. Lakini V za mbali hazitoi bendi hata moja. Kama kromatini iko wazi, RAG inangoja nini? Na kwa nini kimeng'enya hikihiki hakikati jeni za kipokezi cha seli T ndani ya seli B, ilhali alama zake za kukatia ni zilezile?"

Jibu fupi: ATAC-seq imekujibu swali moja kati ya matatu, tena imelijibu nusu. Ili V ikatwe, kwanza alama yake ya kukatia isiwe imefunikwa na nukleosomu. Pili, RAG iwe imekusanyika mahali fulani, na mahali penyewe ni kwenye J, wala si kwenye V. Tatu, V ivutwe mpaka ifike pale RAG ilipo. Seli zako, kwa maelezo uliyotoa, zimekwama kwenye hilo la tatu, na koo za v-Abl zinajulikana kwa udhaifu huo. Nitapitia yote matatu, kisha nikueleze cha kupima na kwa mpangilio gani.

RAG inachokiona

Alama ya kukatia, ambayo tutaiita RSS kama maabara zote zinavyoiita, ina heptama (CACAGTG katika umbo lake bora), nafasi ya jozi 12 au 23 za besi, na nonama (ACAAAAACC). RAG hukata pale tu inapokutanisha RSS moja ya 12 na moja ya 23. Huchana uzi mmoja kwenye mpaka wa heptama na kipande cha jeni, kisha ncha iliyoachwa huru huushambulia uzi wa pili. Upande wa jeni hubaki na ncha iliyojikunja kama pini, upande wa RSS hubaki na ncha butu. Artemis ikiwa na DNA-PKcs huifungua ile pini, TdT huongeza nyukleotidi pasipo kiolezo, na Ku, XRCC4 na ligesi ya 4 humalizia kuunga. Shika hilo la ncha butu, tutalihitaji kwenye vipimo.

Kwa mfuatano peke yake, RAG ingekata popote. Dokezo kwamba hali ya DNA ndani ya kiini ndiyo inayoamua lilitolewa mwaka 1985, pale George Yancopoulos na Frederick Alt walipoona kwamba vipande vya V hunukuliwa kuwa RNA kabla havijaunganishwa. Jaribio lililonishawishi zaidi ni la maabara ya Mark Schlissel, 1996. Walichukua viini vya seli zisizo na RAG, wakaongeza protini za RAG ndani ya mrija. Viini vya pro-B vilikatwa kwenye jeni za kingamwili, viini vya seli changa za thaimasi, tezi ambamo seli T hukomaa, vikakatwa kwenye jeni za kipokezi cha seli T. Kimeng'enya kilikuwa kimoja na mfuatano ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa kromatini tu.

Kikwazo cha kwanza: nukleosomu

Nukleosomu ni jozi 147 za DNA zilizojizungusha juu ya histoni 8. RAG haifanyi kazi kwa kugusa uso mmoja wa DNA. Ikisaidiwa na HMGB1 huipinda DNA kwa nguvu, hasa ile RSS ya 23, na kuifungua kidogo pale kwenye heptama. DNA iliyobanwa juu ya histoni haipindiki upande mwingine. Ndiyo maana majaribio ya mwishoni mwa miaka ya 1990, yaliyotumia nukleosomu zilizojengwa ndani ya mrija, yalionyesha ukataji ukishuka vibaya mno RSS ikiwa ndani ya nukleosomu. Kuongeza asetili kwenye mikia ya histoni kulisaidia kwa sehemu, na mitambo ya kusukuma nukleosomu ya jamii ya SWI/SNF, yenye injini iitwayo BRG1, ilisaidia pia. Ubaya ni kwamba RSS nyingi zenyewe huivutia nukleosomu ikae juu yake. Kwa hiyo hali ya kawaida ya RSS ni kufunikwa, na seli ndiyo hulipa nishati kuifunua.

Hapa ndipo ATAC-seq yako ilipojibu nusu. Kilele unachokiona kiko kwenye promota. Lakini RSS ya V haiko kwenye promota. Iko mwisho wa eksoni ya V. Hesabu mwenyewe: kutoka mwanzo wa unukuzi, jozi kama 50 mpaka kodoni ya kuanzia, eksoni ya kiongozi yenye jozi 46 hivi, introni fupi ya 80 hadi 100, kisha eksoni ya V yenye karibu 300. Jumla ni takribani 500, yaani nafasi inayotosha nukleosomu mbili hadi tatu. Promota inaweza kuwa wazi kabisa na RSS ikawa imefunikwa. Usitazame vilele vilivyoitwa na programu; pangilia data yote upya ukiweka heptama ya kila V katikati, uangalie jozi 300 kila upande, ukitenganisha vipande vifupi chini ya 100 na vile vya karibu 200 vinavyotokana na nukleosomu moja. Hiyo ndiyo picha ya RSS. Ile ya kwanza ni picha ya promota.

Kuna tahadhari mbili za kiufundi. V za familia moja zinafanana mno, na vipande vifupi vilivyosomwa huangukia V nyingi kwa wakati mmoja. Ukichuja kwa kiwango kikali cha upangaji, V nzima hupotea na utadhani imefungwa. Soma ncha zote mbili za kipande, na kabla ya kuitaja V yoyote kuwa imefungwa, hakikisha eneo lake linapangika kwa mfuatano wa kipekee. Jambo la pili ni aina ya panya. Eneo la Igh la panya wa 129 linatofautiana sana na la C57BL/6, ambalo ndilo lililo kwenye jenomu rejea inayotumiwa na wengi, na koo nyingi za v-Abl zimetoka kwa panya wa 129. Mtu akipanga data ya 129 juu ya rejea ya C57BL/6 hupata mashimo ambayo hayapo.

Tena, ATAC-seq isifanywe kwenye seli ambazo tayari zimeunganisha. Rekombinesheni ya kufuta huondoa DNA yote iliyo katikati, na mchanganyiko wa seli zenye mifuto tofauti hukupa wastani usio wa seli yoyote. Tumia seli zisizo na RAG. Kiasi cha kawaida ni seli 50,000, Tn5 kwa dakika 30 kwenye nyuzi 37. Ukifuata njia ya Omni-ATAC, sabuni za kufungulia seli ni NP-40 0.1%, Tween-20 0.1% na dijitonini 0.01%. Tn5 ikiwa nyingi kuliko viini, itakata hata kati ya nukleosomu zilizofungwa na kila mahali pataonekana wazi. Ngazi ya nukleosomu kwenye jeli hutoweka, na hiyo ndiyo dalili.

RAG hukaa wapi

Swali lako la pili linajibiwa hapa kwa sehemu kubwa. RAG2 ina kidole cha PHD upande wa nyuma wa protini, nje ya ule mwili wa katikati unaotosha kukata DNA tupu. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba kidole hicho hushika histoni H3 iliyotiwa methili tatu kwenye lisini ya 4, yaani H3K4me3, alama ya promota zinazofanya kazi. Triptofani ya 453 ndiyo kiini cha mshiko huo; badiliko moja mahali hapo limekutwa kwa mgonjwa wa sindromu ya Omenn, ugonjwa wa kuzaliwa ambao mtoto huwa na kinga hafifu huku seli T chache alizo nazo zikimshambulia mwenyewe. H3K4me3 haiishii kuishikiza RAG. Peptidi ya H3K4me3 ikiongezwa ndani ya mrija huharakisha ukataji hata wa DNA tupu, maana RAG2 pasipo alama hiyo hujizuia yenyewe.

Sasa angalia H3K4me3 iko wapi katika pro-B: imejazana kwenye vipande vya J na D iliyo jirani nayo, kwa uongozi wa Eμ, ambayo ni enhansa, yaani kipande cha DNA kinachochochea unukuzi. Kwenye V karibu haipo, hata zile zinazonukuliwa. Maabara ya David Schatz ilionyesha mwaka 2010 kwamba RAG hukusanyika kwenye J hizo, na eneo hilo likaitwa kituo cha rekombinesheni. RAG hushika RSS ya J kwanza, kisha hungoja mwenzake.

Ndani ya seli B, J za kipokezi cha seli T hazina promota inayofanya kazi, enhansa zake zimelala, na histoni zake zina alama za kufunga kama H3K9me2 au H3K27me3. Kituo hakijengwi, na pasipo kituo RSS nzuri haina maana. Kinyume chake si kamili: baadhi ya seli changa za thaimasi huunganisha D na J za Igh, kwa sababu Eμ haijalala kabisa humo. Lakini V ya Igh haiungi kwenye DJ ndani ya thaimasi, na sababu yake tutaiona chini kidogo.

Mtu anaweza kusema kwamba unukuzi ni dalili tu, haufanyi kazi yoyote. Eneo la Tcra, la mnyororo wa alfa wa kipokezi cha seli T, linakataa. Panya ana J za alfa zaidi ya 60 zilizopangana kwenye jozi kama 65,000, na rekombinesheni ya kwanza huanzia upande wa mbele, penye promota iitwayo TEA. Ukiifuta TEA, J za mbele hazitumiki. Mwaka 2006 Abarrategui na Krangel walipandikiza kizuizi cha unukuzi katikati ya J hizo: promota ilikuwa hai, enhansa ilikuwa hai, lakini polimerasi ilisimama njiani. J zilizokuwa baada ya kizuizi, ambako polimerasi haikufika, hazikufunguka wala hazikuunganishwa ipasavyo. Kwa hiyo polimerasi inayopita ndiyo inayosukuma nukleosomu na kuacha alama nyuma yake.

Kama utapima RAG yenyewe kwa ChIP, kipimo cha mahali protini iliposhika DNA, tumia RAG1 yenye badiliko la D708A. Hushika DNA lakini haikati, hivyo eneo unalolipima halitapotea mikononi mwako. Formaldehaidi 1% kwa dakika 10, izuie kwa glisini ya milimola 125. Na usishtuke ukikuta RAG2 kwenye maelfu ya promota zisizohusiana na kinga: inafuata H3K4me3 popote ilipo. Hapo mara nyingi haikati kwa sababu hakuna RSS ya maana karibu. Pale inapokuwepo heptama ya kubahatisha, ndipo yanapotokea makosa. Mifuto ya aina hiyo imekutwa kwenye saratani ya damu ya watoto yenye muungano wa jeni ETV6 na RUNX1.

Umbali, ambao ndio tatizo lako

Igh ya panya ina urefu wa karibu jozi milioni 2.8, na V za mwisho ziko zaidi ya milioni 2 kutoka kwenye J. Zamani ilidhaniwa kwamba eneo zima hukunjamana tu, V zikaelea mpaka zigongane na kituo. Ukunjamano upo: tangu miaka ya mwanzo ya 2000 picha za FISH, yaani za DNA iliyotiwa rangi ndani ya kiini, zilionyesha Igh ikihama kutoka ukingoni mwa kiini na kujikusanya katika pro-B, na kwamba Pax5, protini inayoongoza jeni za seli B, inahitajika. Ila kinachoukunja kimejulikana baadaye, na kimebadilisha namna ya kuwaza tatizo zima.

Kohesini ni pete ya protini inayoishika DNA na kuivuta kutoka pande mbili, kitanzi kikizidi kukua, mpaka ikwame. Huko Igh, upande mmoja hukwama kwenye kituo cha rekombinesheni, penye unukuzi mzito na RAG iliyoshikilia J au DJ. Upande wa pili unaendelea kuvutwa, na DNA ya juu hupita mbele ya RAG hatua kwa hatua, kama mvuvi avutaye mshipi mrefu akikagua kila ndoana ipitapo mkononi. RSS iliyoelekea upande unaofaa hukamatwa. Hili linaeleza jambo lililowasumbua watu kwa miaka: D zina RSS za 12 pande zote mbili, lakini karibu siku zote huungwa kwa kufuta, si kwa kugeuzwa. Kama zingekuwa zinaelea huru, zingegeuzwa mara nyingi tu. Maabara ya Alt ilichapisha ushahidi huu mwaka 2019, wakaonyesha pia kwamba dCas9 (Cas9 inayoshika DNA bila kuikata) iliyobandikwa njiani huzuia ukaguzi usiendelee.

Vizuizi vya asili ni CTCF, protini inayoshika DNA na kuikwamisha kohesini. Kati ya V za karibu na D kuna IGCR1, yenye sehemu mbili za kushika CTCF. Kazi yake ni kuzuia ukaguzi usifike kwenye V kabla D na J hazijaungana. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba ukiziharibu sehemu hizo mbili, V za karibu huungana mapema, bila mpangilio, na hata ndani ya thaimasi. Hilo ndilo jibu la lile nililoliacha juu: kinachoilinda seli T isiunge V ya Igh ni pamoja na ukuta wa kitanzi, zaidi ya kufungwa kwa nukleosomu.

CTCF nyingine zimekaa kando ya RSS za V zenyewe, hasa V za karibu, na hizo hufanya kazi tofauti kabisa: huisimamisha DNA kwa muda mbele ya RAG ili RSS ipate nafasi ya kukamatwa. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba VH81X, V maarufu kwa kutumiwa kuliko nyingine za karibu, hushuka matumizi kwa karibu mara 100 sehemu yake ya CTCF ikiharibiwa, RSS ikiwa haijaguswa. Jirani yake VH5-1, yenye sehemu ya CTCF iliyokufa, ilirekebishwa herufi chache tu ikawa ndiyo inayotumika kuliko zote. V za mbali kwa kawaida hazina CTCF pembeni. Zina Pax5, protini nyingine iitwayo YY1, na alama zinazofanana na za enhansa. Kundi la Babraham, Uingereza, lilieleza hali hizi mbili mwaka 2016, na wanaojifunza fani hii wangefaa kuanza na mgawanyo huo badala ya kuziweka V zote kapu moja.

Basi kwa nini V za mbali hufikiwa katika pro-B za uboho na hazifikiwi kwako? Wapl ni protini inayoing'oa kohesini kutoka kwenye DNA. Maabara ya Meinrad Busslinger, Vienna, ilionyesha mwaka 2020 kwamba Pax5 huipunguza Wapl katika pro-B, takribani mara nne. Kohesini hukaa muda mrefu zaidi, kitanzi huvutwa mamilioni ya jozi, na vizuizi vya CTCF vya njiani hupitika. Katika koo za v-Abl Wapl ni nyingi kuliko katika pro-B za uboho, na eneo la Igh halikunjamani. Ukaguzi huishia kwenye V za karibu. Kazi ya 2021 iliyopunguza Wapl ndani ya seli za v-Abl ilirudisha ukunjamano na matumizi ya V kote kwenye eneo. Kupunguza CTCF katika seli hizo pia kuliruhusu ukaguzi kupenya mbali zaidi, kwa njia nyingine, yaani kwa kuondoa vizuizi.

Usihamishie haya moja kwa moja kwenye Igk, eneo la mnyororo mwepesi wa kappa. Humo V nyingi zimeelekea upande wa nyuma na huungwa kwa kugeuzwa, RSS ni zenye nguvu zaidi, na kukutana kwa kuelea kuna nafasi kubwa baada ya kitanzi kuzileta jirani.

Neno dogo kuhusu AID, kwa kuwa rekombinesheni ya seli B haiishii kwa RAG. Kubadili daraja la kingamwili, kutoka IgM kwenda IgG, IgE au IgA, hutumia kimeng'enya AID, kilichobainishwa na kundi la Tasuku Honjo. AID haihitaji RSS. Hufuata unukuzi wenyewe, hushambulia uzi mmoja wa DNA ulioachwa wazi kwenye maeneo ya S (ya kubadilishia daraja) yenye AGCT nyingi, na vitanzi vya kohesini ndivyo huyaweka maeneo mawili ya S kando kwa kando. Saitokini huchagua S ipi inukuliwe: IL-4 kwa panya huelekeza IgG1 na IgE, TGF-β huelekeza IgA. Kwa kuwa inafuata unukuzi, huweza kuigusa MYC, jeni inayochochea ukuaji wa seli, na hapo kromosomu 8 hubadilishana vipande na 14. Hiyo ni limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda. Jaribio la 2015 kwa panya lilionyesha kwamba malaria ya muda mrefu huzidumisha seli B zenye AID katika vituo vya kuzalishia kingamwili na kuongeza limfoma zenye mihamo ya namna hiyo. Anayeshughulikia saratani hii Afrika Mashariki anashughulikia kromatini, apende asipende.

Cha kufanya wiki ijayo

Anza na kilicho rahisi. Je, seli zako zimesimama G1, hatua ya kabla ya kunakili DNA? RAG2 huharibiwa kila seli inapoingia kunakili DNA, kupitia fosfeti kwenye threonini ya 490, na seli za v-Abl zinazogawanyika zina RAG kidogo mno. Desturi ni imatinibu, dawa inayoizima Abl, ya mikromola 3 kwa siku 4, kwa seli zenye jeni ya Bcl2, inayozuia seli kufa, iliyoongezwa. Bila Bcl2 nyingi zitakufa kabla ya siku ya tatu na utakachokipima ni mabaki. Hakikisha kwa rangi ya DNA kwenye saitometa kwamba zaidi ya 9 kati ya 10 ziko G1.

Halafu jua ukoo wako ulianzia wapi. Koo hizi mara nyingi hutoka kwenye seli moja. Kama kromosomu zote mbili tayari zina VDJ, hakuna kazi iliyobaki kwa RAG hapo, na DJ unayoiona inaweza kuwa mabaki ya wachache waliochanganyika. Soma mfuatano wa miungano iliyopo kabla ya kutia imatinibu, kisha ulinganishe na baada yake. Bendi ya DJ iliyokuwepo tangu siku ya sifuri haithibitishi kwamba RAG inafanya kazi.

PCR yenyewe isikudanganye. Vianzishi vya familia ya J558, familia kubwa ya V za mbali, haviwezi kushika kila V kwa usawa, na mizunguko zaidi ya 35 hufanya kimoja kiwe kama mia. Punguza DNA kwa mara nne nne, nanogramu 100, 25 na 6.25, na uweke jeni isiyohusika, wengi hutumia Dlg5, kama kipimo cha wingi. Weka pia DNA ya pro-B za uboho kwenye jeli hiyohiyo. Kama V za mbali hazionekani hata humo, tatizo ni vianzishi. Nikipewa fedha ningeiacha PCR hii nikatumia HTGTS-V(D)J-seq: kianzishi kimoja chenye bayotini kwenye J, DNA imevunjwa kwa mawimbi ya sauti, adapta imeungwa upande usiojulikana, kisha usomaji. Hakuna kianzishi cha V kabisa, kwa hiyo inakuhesabia kila V, kila D na hata RSS za kubahatisha njiani. Na hizo za kubahatisha ndizo zenye faida kwako: zinapoishia ndipo ukaguzi ulipoishia.

Tofautisha kukata na kuunga. Ile ncha butu ya upande wa RSS hukamatwa kwa kuunganishiwa adapta kisha PCR. Ikiwa ncha za V za mbali zipo na muungano haupo, basi hitilafu iko kwenye kuunga na mjadala wote wa kromatini haukuhusu. Natarajia hutazipata.

Baada ya hapo ndipo upime kitanzi. Kwanza 4C au 3C-HTGTS, vipimo vya DNA ipi inagusana na ipi, ukiangalia kutoka Eμ au IGCR1, ukilinganisha ukoo wako na pro-B za uboho zisizo na RAG: kwako mgusano utashuka haraka baada ya V za karibu, kwenye uboho utaenea mpaka mwisho. Kisha Wapl iliyowekewa alama ya kuharibiwa kwa oksini, pamoja na Rad21, sehemu ya pete ya kohesini, kama kinyume chake. Kwa Rad21 na CTCF simamisha seli G1 kwanza, maana zikigawanyika bila protini hizo hufa, nawe utasoma kifo ukidhani ni rekombinesheni iliyozuiwa. Fuata wingi wa Wapl kwa western, kipimo cha wingi wa protini, kila mara. Ikibaki nyingi bado, jibu la hapana halina uzito.

V za mbali zikitokea Wapl ikishuka, na zikitoweka tena Rad21 ikiondolewa pamoja nayo, suala limekwisha: RSS zako zilikuwa tayari na zilikosa kufikishwa. Zisipotokea ilhali 4C inaonyesha kitanzi kimerefuka, rudi kwenye ile picha ya ATAC yenye heptama katikati, na uilinganishe V kwa V na ubora wa RSS yake. V yenye nonama mbovu haitumiki hata ikifikishwa mara mia.